Muyaka na Chemchemi ya Ushairi

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba shairi huanzia kwenye kuhesabu mizani. Maisha ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyezaliwa yapata mwaka wa 1776, yanatufunza vingine. Mvita ya zama zake ilikuwa ya biashara na vita, Wamazrui wakishindana na Seyyid Said wa Oman. Muyaka hakukaa kando: aliwatia wenzake shime, akawakejeli mahasimu, akajibizana kwa mafumbo na washairi wa Lamu. Alitunga pia juu ya mapenzi, ukata na mambo ya nyumbani. Hivyo ushairi, uliokuwa umeegemea mno dini, ukashuka sokoni na barazani.

Mombasa ilitekwa 1837. Muyaka akafariki 1840 bila kuacha kitabu. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, na diwani ikachapishwa 1940, karne nzima baadaye.

Walimu wenzangu, tufundishe mizani, lakini kwanza tuwapeleke vijana barazani wakasikilize na kuandika. Ni malenga wangapi tumewazika pamoja na tungo zao kwa kukosa Sikujua wao?