Ibn Khaldun na Siri ya Dola

Abdurrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Angali kijana, tauni ikawafisha wazazi wake na wengi wa walimu wake. Alizitumikia dola za Maghribi, akaonja hata gereza, kisha mwaka 1375 akajitenga katika ngome ya Ibn Salama, nchini Algeria. Huko ndiko alikoandika Muqaddima. Hakutosheka kuorodhesha wafalme. Alitaka kujua kwa nini dola huinuka na kuporomoka. Jibu lake ni asabiya, neno lenye mzizi mmoja na taasubi yetu: mshikamano wa kundi, ukomaao katika dhiki ya jangwani na kulegea katika anasa ya mjini. Mwaka 1384 jamaa zake walizama baharini wakimfuata Misri. Aliteuliwa kadhi wa Kimaliki mara sita, akafariki Kairo mwaka 1406, angali kadhi.