Edel Quinn: Karani mgonjwa aliyemtumikia Mungu Afrika Mashariki bila kujibakiza

Meli iliyotia nanga katika bandari ya Mombasa mnamo Novemba 1936 ilimshusha mwanamke mmoja mwembamba, mwenye umri wa miaka 29. Hakuwa mtawa, hakuwa daktari wala mke wa afisa wa serikali ya kikoloni. Alikuwa karani kutoka jiji la Dublin nchini Ayalandi, na mapafu yake yalikuwa tayari yameshambuliwa na kifua kikuu.

Jina lake lilikuwa Edel Mary Quinn. Aliishi miaka saba na nusu tu baada ya siku hiyo. Hata hivyo, katika muda huo mfupi aliasisi mamia ya vikundi vya Lejio ya Maria katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, na hadi leo Wakatoliki wa eneo hili humtaja kama kielelezo cha Mkristo wa kawaida aliyeifanya kila saa ya siku yake kuwa ibada.

Edel alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 karibu na mji mdogo wa Kanturk, katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi. Alikuwa kifungua mimba wa Charles Quinn na mkewe Louise. Baba yake alifanya kazi katika benki, na kwa sababu hiyo familia ilihamahama kutoka mji mmoja hadi mwingine kila alipopewa uhamisho.

Utoto wake haukuwa wa huzuni. Alipenda michezo, dansi na kucheza tenisi, na waliomfahamu walimkumbuka kwa kicheko chake chepesi. Wazazi wake walimpeleka Uingereza katika shule ya bweni iliyosimamiwa na masista, lakini hali ya kifedha ya familia ilipozorota ilimbidi aiage shule na kurejea nyumbani.

Hapo ndipo mzigo wa familia ulipoanza kumwelemea kifungua mimba huyo. Edel alijifunza kupiga chapa na kazi za ofisi, kisha akaajiriwa kuwa karani mjini Dublin. Sehemu kubwa ya mshahara wake iliwasaidia wazazi na wadogo zake. Kabla ya kuingia kazini kila asubuhi alihudhuria misa, na jioni baada ya kazi aliwatembelea maskini katika vyumba vyao.

Mwajiri wake mmoja, Mfaransa aliyesimamia kampuni ya kuuza vigae, alivutiwa na tabia yake akamwomba wafunge ndoa. Edel alikataa kwa upole. Tangu ujana wake alikuwa ameweka nadhiri moyoni kwamba angejiunga na watawa wa Mtakatifu Klara, wanaoishi maisha ya sala na ufukara ndani ya kuta za monasteri. Kilichomzuia kuingia mara moja ni familia iliyomtegemea.

Akiwa na umri wa miaka 20 hivi, Edel alijiunga na Lejio ya Maria. Chama hicho cha walei kilikuwa kimeanzishwa Dublin tarehe 7 Septemba 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali, pamoja na kundi dogo la watu ambao wengi wao walikuwa wanawake. Lengo lake lilikuwa kumfanya kila muumini, awe fundi, mpishi au karani, ashiriki kazi ya kueneza injili ambayo wengi waliidhania kuwa ya mapadri peke yao.

Utaratibu wa Lejio ni rahisi kueleza, ingawa ni mgumu kuufuata. Kikundi kimoja, kiitwacho presidiumu, hukutana kila wiki, husali rozari, na kila mwanachama hueleza kazi aliyoifanya tangu mkutano uliopita. Kisha hupewa kazi nyingine: kumtembelea mgonjwa, kumfundisha katekisimu mtu anayetaka kubatizwa, au kumtafuta aliyeacha kwenda kanisani. Wanachama hutumwa wawili wawili, na hawaruhusiwi kugawa pesa wala vyakula.

Baada ya muda mfupi Edel alichaguliwa kuwa rais wa presidiumu iliyowashughulikia wanawake waliouza miili yao katika mitaa ya Dublin. Wapo waliodhani msichana mwenye sura ya kitoto kama yeye hangeiweza kazi hiyo. Waliduwaa walipoona jinsi alivyoingia katika vyumba hivyo bila woga na bila kumdharau yeyote, na jinsi wanawake hao walivyomwamini.

Mnamo 1932, siku zake za kuingia monasteri zilipokuwa zimekaribia, alianza kutema damu. Madaktari walibaini kwamba alikuwa na kifua kikuu kilichokwisha kukomaa. Wakati huo dawa za kuangamiza ugonjwa huo zilikuwa bado hazijagunduliwa. Mgonjwa alilazwa, akapumzishwa, akalishwa vizuri na kuachwa apate hewa safi, huku jamaa zake wakimwombea heri.

Edel alikaa miezi 18 hivi katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Newcastle, kaunti ya Wicklow. Hakupona. Alitoka kwa hiari yake kwa kuwa hakutaka familia iendelee kugharamika kwa ajili yake. Mlango wa monasteri sasa ulikuwa umefungwa, maana mwili wake haungeustahimili ukali wa maisha yale. Alirudi kwenye mashine ya kupiga chapa na kwenye mikutano ya Lejio.

Wengi wangeliona pigo hilo kuwa mwisho wa wito wao. Yeye aliendelea kutimiza yaliyokuwa mbele yake: kazi ya ofisini, sala na ziara za jioni. Mnamo 1936 alitumia likizo yake kwenda Wales kusaidia kuanzisha vikundi vipya, na aliporejea alikuwa tayari kuifanya kazi hiyo kwa muda wake wote.

Wakati huohuo, maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wakiomba Lejio iwatumie mjumbe. Jina la Edel lilipotajwa katika baraza kuu la Dublin, mjadala mkali ulizuka. Baadhi ya wanachama walihoji ni busara gani kumtuma mgonjwa wa mapafu katika nchi za mbali, zenye joto, mbu na barabara mbovu. Wengine waliona kwamba kumtuma kulikuwa sawa na kumhukumia kifo.

Edel mwenyewe alisimama na kulieleza baraza kwamba aliyafahamu yote yaliyokuwa yakimngoja na kwamba aliyakubali. Hatimaye baraza lilikubali. Mwishoni mwa Oktoba alianza safari, akiagana na mama yake ambaye hangemwona tena.

Kenya aliyoikuta ilikuwa koloni lililogawanywa kwa misingi ya rangi. Mjini Nairobi, Wazungu, Wahindi na Waafrika waliishi katika mitaa tofauti. Mwafrika hakutembea bila kipande, na hata makanisani watu wa rangi mbalimbali hawakuzoea kuketi pamoja. Baadhi ya wamishenari wenyewe walimwonya kwamba chama cha walei kisingefaulu. Walisema kwamba umbali ulikuwa mkubwa mno, kwamba wengi hawakujua kusoma, na kwamba Waafrika hawangeweza kuongoza mikutano wala kuweka kumbukumbu.

Edel hakubishana nao sana. Alianzisha kikundi cha kwanza, akaketi pembeni akawaacha wanachama waendeshe mambo wenyewe, kisha akasonga mbele kuanzisha kingine. Aliyeshindwa kuandika alitoa taarifa yake kwa mdomo, na ilionekana upesi kwamba watu waliorithi utamaduni wa masimulizi hawakusahau kitu. Alihimiza sala za Lejio zitafsiriwe katika lugha za wenyeji ili kila mtu amwombe Mungu kwa ulimi aliozaliwa nao.

Suala la rangi lilihitaji subira zaidi. Kanuni za Lejio zinataka viongozi wa presidiumu zote za eneo moja wakutane katika baraza liitwalo kuria. Edel aliishikilia kanuni hiyo. Hivyo Mwafrika, Mgoa na Mzungu walijikuta katika chumba kimoja, wakipiga magoti pamoja na kusikilizana, katika mji ambao sheria na desturi zake ziliwatenganisha. Halikuwa jambo dogo katika miaka hiyo.

Kutoka Nairobi alizuru Mombasa, magharibi mwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mnamo 1940 alivuka bahari hadi kisiwa cha Mauritius. Alisafiri kwa treni, kwa malori na hatimaye kwa gari kuukuu la Ford ambalo kwa mzaha lilibandikwa jina la Rolls Royce. Dereva wake alikuwa Mwislamu, na wawili hao walivuka pamoja matope, mito iliyofurika na barabara zisizopitika.

Siku yake ilikuwa na mpangilio usiobadilika. Aliamka alfajiri kwa ajili ya misa na komunyo. Kanuni za Kanisa za wakati huo zilimtaka anayekomunika asile wala asinywe chochote kuanzia usiku wa manane. Kwa sababu hiyo mara nyingi alisafiri mwendo mrefu asubuhi akiwa hajatia kitu kinywani, ilimradi afike mahali palipo na padri. Njiani alisali rozari. Mchana alikutana na maaskofu, mapadri na makatekista, na jioni aliongoza mikutano.

Usiku, wenyeji wake walipolala, alikaa kwenye taa akiandika barua. Hapo ujuzi wake wa ukarani ulimfaa. Aliwajibu viongozi wa vikundi vya mbali, akawasahihisha, akawatia moyo, na kupeleka taarifa kamili Dublin. Katika barua hizo aliyaeleza matatizo yake ya afya kwa ufupi mno, na mara nyingi hakuyataja kabisa.

Waliomkaribisha walishuhudia hali yake. Alikula kidogo kama ndege, alishikwa na homa mara kwa mara, na kupanda ngazi kulimwacha akihema. Lakini aliyekwenda kumpa pole aliondoka akiwa amechekeshwa. Tabasamu lake halikuwa la kuigiza. Lilitokana na imani kwamba Mungu aliyempa kazi ndiye angempa nguvu za siku hiyo, na za kesho zingetolewa kesho.

Mnamo 1941, akiwa Nyasaland, mwili ulikataa kabisa. Alipelekwa Afrika Kusini na kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu karibu na Johannesburg, kisha akatunzwa na masista katika misheni ya Umlamli. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimepamba moto na barua kutoka nyumbani zilichelewa. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu siku zake kwa kazi, kitanda kilikuwa jaribio gumu kuliko barabara za matope.

Mnamo 1943 alirudi Kenya akiwa dhaifu mno. Hakuweza tena kusafiri kama zamani. Alizuru vikundi vya karibu, akaendelea kuandika barua na kupumzika kadiri alivyolazimishwa. Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kushindwa.

Edel Quinn alifariki jijini Nairobi jioni ya tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, katika nyumba ya masista waliokuwa wakimtunza. Alizikwa katika makaburi ya wamishenari huko Msongari, karibu na mahali alipokuwa amelazwa miezi michache awali Askofu Joseph Shanahan, Mwayalandi mwenzake aliyesifika kwa kazi yake nchini Nigeria.

Kazi yake haikufa naye. Kwa kuwa hakuwahi kujifanya nguzo ya chama, vikundi alivyoviacha viliendelea kukutana kila wiki chini ya viongozi wenyeji. Lejio hiyo isichanganywe na kanisa la Legio Maria, ambalo lilijitenga na Kanisa Katoliki magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, jina la kanisa hilo linaonyesha jinsi chama hicho kilivyokuwa kimeota mizizi miongoni mwa waumini wa eneo hilo.

Mnamo 1957, Askofu Mkuu John Joseph McCarthy wa Nairobi alifungua uchunguzi rasmi kuhusu maisha yake. Mashahidi kutoka nchi mbalimbali walihojiwa. Tarehe 15 Desemba 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alitangaza kwamba Edel aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, na hivyo akapewa hadhi ya mstahiki heshima. Ili atangazwe mwenyeheri, Kanisa hudai muujiza uliothibitishwa.

Waliosikilizwa katika uchunguzi huo hawakuwa na mengi ya ajabu ya kusimulia. Walikumbuka mwanamke aliyefika mkutanoni kwa wakati, aliyejibu kila barua, aliyemsikiliza mpishi kwa makini yaleyale aliyompa askofu, na ambaye hakulalamika. Mambo hayo yamo katika uwezo wa karani, mwalimu au mama wa nyumbani yeyote. Ugumu wake ni kuyatenda kila siku, bila kujibakiza, hata siku ambayo mwili hauna nguvu na hakuna anayetazama.

Bandu bandu huisha gogo. Edel Quinn aliitoa nafsi yake kidogo kidogo, kwa saa na kwa dakika, hadi hakubaki na chochote cha kutoa.