Carl Koller: Aliyeleta ganzi, akaukosa mji wake

Miaka ya kubeba magunia mpakani ilinipa ngiri. Siku ya kupasuliwa sikuogopa kisu, niliogopa usiku wa baada ya kisu. Lakini kabla sijatolewa mezani, daktari alichoma dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini kandokando ya mshono, na usiku ule nililala. Nilipopona nikatafuta ganzi hii ilianzia kwa nani. Ndipo nikakutana na habari za Carl Koller.

Koller alizaliwa mwaka 1857 huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari Vienna, Austria, na alitamani sana kazi katika kliniki ya macho. Zama zile kumpasua mgonjwa wa mtoto wa jicho kulikuwa mateso, kwani nusukaputi ilimtapisha na kuliharibu jicho lililotoka kushughulikiwa.

Rafiki yake Sigmund Freud alikuwa akiichunguza kokeini kama dawa ya kutia nguvu. Koller aliona kwamba inaufisha ulimi ganzi, akawaza juu ya jicho. Mwaka 1884 aliidondosha kwenye jicho la chura, la sungura na la mbwa, kisha kwenye jicho lake mwenyewe. Akaligusa kwa kichwa cha pini, asisikie kitu.

Septemba 15 mwaka huo habari hizo zilisomwa kwenye mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg, Ujerumani. Aliyezisoma ni daktari mwingine, maana Koller, kijana wa miaka 26, hakuwa na nauli. Muda si mrefu ganzi ikavuka bahari hadi Marekani.

Januari 1885 daktari mwenzake alimtukana kwa Uyahudi wake. Koller akamzaba kofi, nao wakapambana kwa panga kama ilivyokuwa desturi. Koller alitoka salama, mwenzake akajeruhiwa. Kazi aliyoitamani hakuipata. Mwaka huohuo aliondoka Vienna, akapitia Uholanzi, na mwaka 1888 akafika New York. Huko alitibu macho hadi uzeeni, akafariki mwaka 1944.

Kokeini ilikuwa na sumu na uraibu, hivyo wanakemia wakatafuta dawa nyingine. Lidokeini ilipatikana mwaka 1943, na bupivakeini mwaka 1957. Hizi huzuia sodiamu isiingie kwenye neva, taarifa ya maumivu isifike kwenye ubongo. Bupivakeini hushikamana na neva kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana hubaki ikifanya kazi saa kadhaa baada ya mshono.

Sisi tulioanza maisha ugenini tunaijua njia ya Koller. Ukiambiwa utapasuliwa, usione haya kumuuliza daktari kuhusu ganzi ya baada ya kisu. Kuna mtu aliijaribu kwanza kwenye jicho lake.