KADERDINA HAJEE ESSAK: MTU ALIYEITIA ALAMA YAKE NGUONI

Ni wachache katika mwambao wetu wa kusini, tangu Likoni hadi Lungalunga, wasiolijua jina la Abdulla. Limepigwa chapa kwa herufi ndogo ukingoni mwa leso zilizomo majumbani Diani, Msambweni na Kwale kwenyewe. Lakini wengi wanaojifunga nguo hizo hawamjui mwenye jina.

Marehemu Kaderdina Hajee Essak, ndiye huyo Abdulla, alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi mjini Mombasa. Duka lake lilianza mwaka 1887, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash wa Unguja aliipa kampuni ya Waingereza idhini ya kuusimamia mwambao huu kwa jina lake. Baadaye duka hilo lilipata umaarufu mkubwa katika mtaa wa Biashara.

Zama hizo leso ilikuwa ingali nguo changa. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vya Kireno kabla havijakatwa, sita kwa pamoja, wakaviunga vikawa nguo moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Hatimaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima, yenye pindo pande zote nne na mji katikati.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja mtindo wa kutia maneno katika leso, na Kaderdina ndiye atajwaye sana kuwa mwanzilishi wake. Maneno hayo, methali na mafumbo, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Nguo zilipigwa chapa ng'ambo, Bara Hindi, Ulaya na hata Japani, lakini usemi ulikuwa wa hapa hapa. Kando ya usemi akatia alama yake: K.H.E., Mali ya Abdulla.

Msomaji mpenzi, hebu tuitazame alama hiyo kwa makini. Siku hizi mwenye kuanzisha biashara huambiwa atafute nembo, rangi, mfuko na kisanduku cha kupendeza. Mnunuzi akifika nyumbani, vyote hivyo hutupwa. Takataka za namna hiyo ndizo zilizoifanya serikali ya Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na hadi leo bahari bado inatutapikia plastiki ufukweni Diani.

Alama ya Abdulla haikuhitaji kisanduku. Ilikuwa ni mstari mmoja wa wino juu ya bidhaa yenyewe. Rangi zilibadilika, pindo likabadilika, usemi ukabadilika kila toleo. Mstari ule ukabaki. Mnunuzi aliyevuka Likoni kutoka Msambweni alitazama ukingo tu, akajua nguo ni ya nani.

Na ilidumu kwa sababu nguo ilidumu. Doti hukatwa vipande viwili, kimoja kikajifungwa, kingine kikatandwa. Leso hiyo hiyo ni mbeleko ya mtoto, ni shuka, na ikikunjwa huwa kata ya kuchukulia mtungi. Ikichakaa huwa nepi, kisha kishikio cha sufuria, kisha tambara la kupangusia. Na kwa kuwa ni pamba, mwisho wake ni kuoza na kurudi udongoni. Kina mama wa Kidigo hawakungoja kufundishwa ubaya wa israfu.

Hatusemi kwamba Kaderdina aliyawaza mazingira. La hasha, alikuwa akiuza nguo, na nguo zenyewe zilisafiri baharini safari ndefu. Wala si kila leso ya leo ni pamba; ziko zilizofumwa kwa nyuzi za plastiki, nazo haziozi hata zikichakaa. Alama nzuri juu ya nguo mbovu huitangaza aibu ya mwenyewe.

Almuradi, vijana wa Ukunda na Diani wanaowashonea wageni vikoba na nguo, wakitafuta alama ya kuuzia kazi zao, wana mwalimu karibu. Waanze na kitu kitakachotumika miaka, kisha walitie jina lao juu yake, dogo na la kweli. Abdulla amekwisha kufa zamani, na jina lake bado linafuliwa na kuanikwa.