Franco wa OK Jazz: diski gani bora, diski gani mbaya?

Hapa Goma, na kule ku makambi ya wachimbaji wa Masisi na Walikale, kuna mabishano yasiyoisha. Kati ya diski zote za Franco na OK Jazz, bora ni gani, na mbaya kabisa ni gani? Muzee moja anataja Mabele. Kijana wake anasema Mario. Mama anawakata wote wawili, yeye anataka Mamou. Wakifika ku diski mbaya, sauti zinapanda zaidi, juu pale njo siasa inaingia. Sisi pia tunabishana hivyo. Kwa hiyo tumeona heri kupitia maisha ya mutu mwenyewe, kisha tuseme wazo letu.

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 7, 1938, kule Sona-Bata, Bas-Congo, na alikomalia Léopoldville, leo Kinshasa. Baba yake, mutu wa kazi ya reli, alikufa mapema. Mama yake aliuza mandazi ku soko ya Ngiri-Ngiri, na mutoto alikuwa anapiga muziki pembeni ya meza ili wapita njia wasimame na wanunue. Shule haikwenda mbali. Gitaa alionyeshwa na Dewayon, rafiki wa familia. Ile meza ya mandazi tusiisahau: tangu utoto, Franco alijua kwamba muziki unaleta chakula ku nyumba.

Mu 1953 aliingia ku studio Loningisa ya Mugiriki Papadimitriou, akiwa na miaka 15 tu. Tarehe 6 mwezi wa 6, 1956, yeye na wenzake walianzisha OK Jazz. Herufi OK zinatoka ku bar ya Oscar Kashama, pale walipokuwa wanapiga. Nyimbo zilikuwa za Lingala, na huku kwetu wengi walicheza kwanza, maneno wakayafahamu pole pole.

Mu mwezi wa 6, 1966, Mobutu akiwa bado mupya ku kiti, wanasiasa wanne walinyongwa ku Kinshasa mbele ya umati wa watu. Franco alitoa wimbo Luvumbu Ndoki, hadithi ya Kikongo ya mukubwa anayekula watu wake mwenyewe. Serikali ilijiona ndani, ikaukataza. Wale wanaosema Franco alikuwa muoga tangu mwanzo, waanze kusikiliza hapo.

Kisha mambo yaligeuka. Wakati wa Zaïrianisation, Mobutu alimupa Mazadis, kiwanda cha kutengeneza diski. Mutu aliyekatazwa wimbo sasa alikuwa anakula ku meza ya yule yule. Ku miaka ile alitoa pia Azda, wimbo wa kusifu nyumba iliyouza magari ya Volkswagen. Ni tangazo la biashara tu, lakini magitaa yake ni matamu, na mpaka leo watu wanasimama kucheza. Tujifunze hapo: wimbo wa kulipiwa si lazima uwe mubaya.

Mu 1974 ilitoka Mabele, iliyoandikwa na Simaro Lutumba na kuimbwa na Sam Mangwana. Mabele maana yake udongo. Wazee wetu wengi wanaiweka ya kwanza, na mutu anayeshuka ku shimo kila asubuhi hahitaji kuelezewa sababu. Lakini wabishi wanauliza: kama Simaro njo ameandika, na Mangwana njo ameimba, tunamuhesabia Franco namna gani? Tunajibu hivi: ukubwa wa Franco ulikuwa pia kujua nani anaweza, na kumuachia nafasi.

Mu 1978 alitoa Hélène na Jacky, nyimbo za matusi ya waziwazi. Serikali ilimufunga, yeye na wanamuziki wake. Kwa ba mama wengi, hizo njo mbaya kuliko zote, hazipigwi mbele ya watoto. Tunawasikia. Ila matusi yale hayakumunyima mutu haki yake.

Kwetu sisi, mbaya kabisa ni Candidat na biso Mobutu, ya 1984. Mwaka ule kulikuwa uchaguzi wa perezida na mugombea moja tu. Franco alitumia sauti yake yote kuambia watu wamushike mugombea yule, kama vile kulikuwa na mwingine. Wazee wanamutetea: chama kilikuwa kimoja, nani angekataa? Wako na haki. Muchimbaji anafahamu vizuri: ukiwa na mununuzi moja tu, bei si wewe unapanga. Lakini mutu wa Luvumbu Ndoki alijua tofauti kati ya kunyamaza na kusifu. Diski ile imepigwa vizuri sana, na hiyo njo inatuumiza. Hata hivyo tusiitupe. Watoto wetu waisikie, wajue woga na faida vinaweza kufanya nini na kipaji.

Mwaka uliofuata, 1985, ilikuja Mario, pamoja na Madilu System: kijana mwenye diplome anayekula pesa za mama mukubwa kuliko yeye, bila kutafuta kazi. Zaïre yote iliimba. Mpaka Tanzania, kijana wa namna ile wanamuita marioo. Hapo Franco alikuwa amerudi ku soko, anasema mambo ambayo ba mama wanayajua.

Na mu 1987 akatoa Attention na Sida. Vijana wanailalamikia: ni ndefu, inapita dakika 15, Kifaransa mingi, inafanana na mahubiri. Ni kweli. Lakini wakati ule ugonjwa ulikuwa unazungumuzwa kwa kunongona tu, na viongozi wengi walinyamaza. Yeye alisema na wanafunzi, wazazi, waganga, watu wa dini na serikali, kila moja kwa zamu yake. Hakuna mukubwa aliyesifiwa mule ndani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 mwezi wa 10, 1989, Franco alikufa ku Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Maiti ilirudishwa Kinshasa, na serikali ikatangaza siku 4 za kilio.

Basi kura yetu ni hii. Kwa masikio, Mabele. Kwa kucheza, Azda na Mario, hatutagombana. Lakini ile tungependa ipigwe tena ku makambi, pale wanaume wanaishi mbali na nyumba miezi mingi na makuta yanapita mukono kwa mukono usiku, ni Attention na Sida. Baba akirudi ku bibi yake akiwa muzima, diski ile imemusaidia kuliko zote. Wanaopendelea Mamou, wabishe. Tunawasikiliza.