Vincent Chin, muuza santuri aliyejenga nyumba ya reggae

Mjomba wangu alikuwa anauza kaseti sokoni. Utotoni nilimwona kama mchuuzi tu, kwani kwangu muziki ulikuwa kazi ya mwimbaji peke yake. Maisha ya Vincent Chin yamenibadilisha mawazo.

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1937. Baba yake, fundi seremala, alihama China, akapitia Kuba, ndipo akafika kisiwani humo. Kijana Vincent alipata kazi ya kuzungukia baa na kubadilisha santuri katika mashine zinazopiga muziki kwa sarafu. Santuri zilizotolewa humo alizikusanya badala ya kuziacha zitupwe. Ndizo zilizokuwa bidhaa za mwanzo za duka lake, Randy's, alilolifungua na mkewe Patricia mwishoni mwa miaka ya 1950.

Dukani alisikia kila siku wateja wanaomba nini. Kisha akaanza kurekodi mwenyewe. Mwaka 1962, Jamaika ilipopata uhuru, alimrekodi Lord Creator katika wimbo wa kuushangilia uhuru huo. Baadaye akajenga studio juu ya duka, mtaa wa North Parade, nambari 17. Bob Marley na wenzake, chini ya Lee Perry, walirekodi humo.

Miaka ya 1970 fujo za kisiasa zilipoitikisa Kingston, familia ilihamia New York. Baba alikuwa mhamiaji. Sasa mwana naye akawa mhamiaji. Mwaka 1979, huko Queens, wakaanza upya, tena kwa duka. Waliliita VP, yaani Vincent na Patricia. Kwanza walisambaza santuri kutoka nyumbani, halafu wakatoa muziki kwa jina lao wenyewe. Chin alifariki mwaka 2003, wakati Sean Paul, msanii wa VP, alipokuwa akisikika duniani kote.

Naandika haya kwa sababu katika kitivo chetu tunatunga mashairi na hadithi, lakini ni wachache wanaojiuliza nani atazifikisha kwa msomaji, na nani atazitunza.

Mjomba alipoacha biashara, kaseti zisizonunuliwa zilitupwa jalalani. Nyimbo nyingine za humo nimezitafuta miaka mingi. Sijazisikia tena.