Fanny Crosby na Hesabu

Miaka miwili nimekuwa mweka hazina wa idara yetu ya akina mama, na kila mwezi hesabu zinanikataa. Nimefunga na kuomba Mungu anipe kichwa cha hesabu. Ndipo nikasoma maisha ya Fanny Crosby.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Marekani. Akiwa na wiki sita hivi macho yaliugua, akakua kipofu. Kwenye shule ya vipofu jijini New York hesabu zilimshinda kabisa, mpaka akaruhusiwa kuziacha. Lakini kumbukumbu! Tangu utotoni alishika kichwani vitabu vizima vya Biblia, Injili zote nne zikiwemo. Basi akaenda na hiyo. Mwaka 1864 alianza kutunga nyimbo za Injili. Wimbo wote aliumaliza kichwani kwanza, halafu mtu mwingine anaandika huku yeye akitamka. Hiyo nayo si kazi rahisi, jaribuni tu ubeti mmoja! Alipofariki mwaka 1915, akiwa na miaka 94, alikuwa ametunga zaidi ya 8,000. Ule wa Ndiyo Dhamana ni wake.

Jumapili iliyopita nilirudisha daftari la hazina, nikaomba kupelekwa kwa wagonjwa hospitalini, manake kukaa na mtu nikimsikiliza sijawahi kuchoka. Mama mchungaji akaniuliza kama ninakimbia kazi. Nilinyamaza. Jumanne ninaanza wodi ya akina mama.